Ulimi Mwekundu wa Dohani

Siku mbili baada ya arobaini ya Bibi, tulifungua sanduku lake la bati kule Kolo ili tugawane nguo. Juu kulikuwa na khanga ambazo hakuwahi kuzivaa, alizozitunza kwa ajili ya safari ambazo hazikutokea. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi uliowahi kuwa na sukari, nilikuta kipande cha kitambaa chekundu, chembamba, chenye urefu wa mkono wangu. Shangazi alikishika kwa ncha za vidole akauliza kama tukichome pamoja na matambara mengine. Nikampokonya haraka kuliko adabu inavyoruhusu, nikakinusa. Kilinuka masizi ya zamani, na hapo hapo nikawa na miaka minane tena, nimesimama juu ya kigoda nyumbani kwetu Makole, mkono wangu umeingia dohani hadi begani.

Nyumba yetu ya Makole ilikuwa ya serikali, ya zamani, yenye kuta nene na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Walioijenga walikuwa watu wa nchi za baridi, na nadhani waliogopa baridi yao isije ikawafuata hadi Dodoma, maana chumba kidogo cha upande wa mashariki walikiwekea meko ukutani na dohani ndefu iliyotokeza juu ya paa. Sisi tuliweka viatu humo. Jirani mwenye nyumba kama yetu alilaza kuku wake wa mayai ndani ya meko yake. Dohani ilibaki haina kazi mwaka mzima, isipokuwa mwezi wa sita na wa saba, upepo ulipoanza kushuka nayo na kumwaga baridi na vumbi chumbani. Na mtu asiniambie Dodoma hakuna baridi. Anayesema hivyo hajaoga alfajiri mwezi wa saba.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, alikuja kutibiwa kifua. Alifika baada ya mavuno, na siku ile ile ya kwanza, kabla hata hajavua viatu, alitutangazia kwamba akipona anarudi Kolo kutayarisha shamba. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee wakati ule na nilimpenda Bibi kupita kiasi. Aliniita mke mwenzangu, aliniachia ukoko, na alinisimulia habari za watu wa milimani kana kwamba nami ningewafahamu nikiwaona. Kwa hiyo kila nikimwombea dua niliomba kifua chake kipone, lakini taratibu.

Alipewa chumba kile chenye meko kwa sababu ndicho kilichokuwa na mlango wa kutokea uani. Jioni Mama alikoka jiko la mkaa nje, likikolea analiingiza na kuliweka ndani ya meko. Joto lote likapanda na dohani kwenda zake. Likitolewa jiko, baridi inashuka kwa njia ile ile, na Bibi anakohoa hadi asubuhi. Mama, aliyezaliwa Chamwino katika nyumba ambayo hata maganda ya karanga yalikuwa na kazi yake, aliumia kuona mkaa unavyokwisha. Alisema tunawapashia mwewe mabawa.

Baba alikuwa fundi bomba, na kwa fundi bomba kila tundu linahitaji kizibo. Jumapili moja alipima dohani kwa fimbo, akachukua gunia, akalijaza matambara, akalishona kwa sindano ya magunia hadi likatoka mto mnene. Akausukuma juu, ukakaa. Pembeni aliacha upenyo wa vidole viwili, akasema nyumba nayo lazima ivute pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo lilionekana dogo kuliko yote. Alichana ukanda kutoka khanga nyekundu ya Mama iliyochakaa, akaushonea chini ya mto ule, ukaning'inia ndani ya meko mahali ambapo hata mtu aliyekaa angeuona.

Halafu akatukalisha wote, Bibi akiwemo. Alisema mkaa uliokolea hauna moshi, ndiyo maana watu wanauamini, lakini unatoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na dohani ikizibwa sumu hiyo haina pa kwenda. Bibi akamwambia kwamba yeye alizaliwa ndani ya tembe, moto ukilala humo humo pamoja na watu na mbuzi, na hakuna aliyekufa kwa moto. Baba akamjibu kwa heshima kwamba tembe lilipumua kila mahali, kwenye fito, kwenye udongo uliopasuka, chini ya dari, ila nyumba hii ya saruji ukifunga mlango ni chupa. Bibi akafikiri, akakubali. Kuanzia hapo sheria ikawa moja, na Baba alitukaririsha kama mwalimu wa darasa la kwanza: ukiona nyekundu, moto nje. Ikifika jioni yeye mwenyewe ataondoa mto, jiko litaingia, na jiko likishatolewa mto utarudi kulinda joto.

Ilifanya kazi. Mkaa wa siku moja ukawa unafika siku mbili, Mama akaacha kuwataja mwewe, na Bibi akalala. Kifua kikaanza kufunguka, tena kwa kasi ambayo mimi sikuipenda.

Bibi alikuwa mtu wa mzaha. Asubuhi Mama akimpelekea uji, Bibi alionyesha kile kitambaa na kusema, "Mkwe wangu, nyumba yenu inanitolea ulimi. Nyumba ikianza kukutolea ulimi ujue imekuchoka." Mama alicheka, naye Bibi alicheka hadi kikohozi kikamkatisha. Mimi sikucheka. Nilijua kutoleana ulimi ni nini. Shuleni ulikuwa ugomvi wa kupelekana kwa mwalimu. Nikaona waziwazi jinsi mambo yatakavyokwenda: Bibi anatukanwa kila asubuhi ndani ya nyumba ya mwanawe, anavumilia, anacheka ili asituaibishe, na siku moja atachoka na kufunga mzigo. Kwamba alishasema tangu mwanzo atarudi kwake kulima, hilo nililisahau kabisa. Kichwani mwangu aliyekuwa akimfukuza alikuwa ule ulimi.

Basi siku moja mchana, Bibi akiwa uani anaota jua na Mama akichambua mchele, nilipanda juu ya kigoda nikauchomeka ulimi ndani, kati ya gunia na ukuta, hadi hakikubaki hata kidole cha wekundu. Sikufikiri habari za moto hata kidogo. Nilinawa masizi, nikaenda madrasa nikiwa na furaha ya mtu aliyesuluhisha ugomvi.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo lakini upepo ulishaanza kupiga. Mama alikuwa ameenda sokoni. Nikaingia chumbani kwa Bibi, na chumba kilikuwa na joto zuri ambalo sijawahi kulisahau. Jiko, ambalo Bibi alilikoka mwenyewe, lilikuwa ndani ya meko, mkaa mwekundu, safi, bila hata uzi wa moshi. Bibi amefunga dirisha, khanga ameisokota chini ya mlango kuzuia vumbi, na amekaa kwenye mkeka akiegemea kitanda, macho yamefumba. Nikarudisha khanga mahali pake kama mtoto mwenye adabu. Nikakaa ubavuni kwake nikamwegemea. Hakunijibu salamu. Nikadhani amelala. Nilikuwa nimeridhika kabisa. Kichwa kilianza kuniuma, kisha kikawa kizito, kisha nikaona uvivu hata wa kuudhika na maumivu yake.

Kinachofuata ninakijua kwa kusimuliwa. Mama alirudi, akaita, hakuna aliyeitika. Alipiga teke mlango wa uani, uliokuwa umefungwa kwa ndani, hadi kitasa kikang'oka. Alinivuta mimi kwa mguu, akarudi akamvuta Bibi kwa makwapa, yeye mwanamke mwembamba, kisha akaingia mara ya tatu akalitoa jiko na kulimwaga mchangani. Mimi nilizinduka nikitapika chini ya kamba ya nguo. Bibi hakuzinduka. Jirani, yule wa kuku, alitoa gari lake, wakampakia, na mimi nikaachwa na mkewe.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo kitambaa hiki kimenikumbusha. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema dohani, gunia, sumu. Katikati ya kichefuchefu nikaelewa. Nikamwambia mke wa jirani nakwenda kuchukua ndala zangu. Nikaingia chumba kile, milango yote wazi na upepo unapita, nikapanda kigoda, nikauchomoa ulimi nikauacha uning'inie kama Baba alivyouweka. Kisha nikarudi na ndala.

Baba alifika kutoka kazini, akaingia chumbani kabla ya kwenda hospitali. Nilimwona kutoka mlangoni. Alisimama mbele ya ule wekundu kwa muda mrefu, akaugusa, akatikisa kichwa.

Bibi aliamka siku ya pili. Walinipeleka kumwona. Sauti yake ilikuwa ndogo, na neno la kwanza alilomwambia Baba baada ya salamu lilikuwa, "Hakukuwa na kitambaa, mwanangu. Niliangalia. Nikajua asubuhi umeondoa mto."

Baba akamshika mkono. "Kipo, Mama," akasema kwa upole. "Nimekiona mwenyewe, kwa macho yangu."

Bibi akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama ukuta. Hakubisha. Ule upole wa Baba ndio uliommaliza. Angemfokea, Bibi angemjibu, maana kwa majibu alikuwa hodari. Lakini kwa mtu anayekupapasa mkono utasema nini. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na sikusema kitu.

Aliporudi nyumbani alikuwa amebadilika. Baba aliamua kwamba asiguse tena moto, hata wa chai. Akaamua pia kwamba harudi Kolo. Mtu asiyeona kitambaa chekundu hatua mbili mbele yake hawezi kuishi peke yake mlimani na kupika. Nyumba yake angepewa mtoto wa mdogo wake, na shamba litalimwa na nani sijui. Yalisemwa kwa heshima zote, sebuleni, Bibi akiwa amekaa katikati yetu kama mgeni. Akasema sawa. Na mimi, aibu yangu niiseme yote, moyo uliniruka kwa furaha. Bibi anabaki. Nilitaka jambo moja tu duniani na nilikuwa nimelipata, tena kwa kunyamaza tu.

Furaha ile haikumaliza wiki. Bibi alianza kutembea akipapasa ukuta, ingawa njia aliijua. Akipewa kikombe alikishika kwa mikono miwili. Mizaha ikaisha. Na akaanza kuniuliza rangi. Tukiwa uani alinivuta karibu ili Mama asisikie, akanong'ona, "Mke mwenzangu, ile khanga ya mwisho kwenye kamba ni ya kijani?" Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi. Baada ya muda akauliza tena nyingine. Mara zote alipatia. Lakini kupatia hakukumsaidia kitu, kwa sababu hata akiwa amepatia hakuamini. Alikuwa mwanamke aliyelima, akazaa, akazika mume na kusimamisha nyumba yake mwenyewe, na sasa aliogopa kumimina maji.

Siku moja asubuhi nilimkuta amekaa mbele ya meko. Upepo ulikuwa ukivuma na ule ulimi ulitikisika kidogo. Alikuwa ameushika kwa vidole, akiuachia, anafumba macho, anafumbua, anautazama tena.

Akasema bila kugeuka, "Sasa hivi nauona. Siku ile sikuuona. Ndivyo akili inavyoondoka, mjukuu wangu? Inaondoka na vitu vyekundu kwanza?"

Nikalia hapo hapo. Nilimwambia yote bila mpangilio, ulimi, nyumba kumchoka, kigoda, ndala, hospitali. Nilisema pia kwamba nilitaka abaki. Nilisubiri kofi. Bibi hakuwa mtu wa makofi, lakini niliona kwa kosa hili angeanza.

Aliuachia ule ulimi. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachokatishwa na kikohozi. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Kumbe nilikuwa naona," akasema. Akarudia, taratibu, akijisikiliza. "Kumbe nilikuwa naona."

Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, maana nilikuwa nimetayarisha majibu. Aliniambia tu kwamba jioni baba yangu akirudi nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye Bibi atakuwa amenishika mkono. Na ndivyo ilivyokuwa. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia nipande kigoda nimwonyeshe nilivyofanya, nikamwonyesha, na wekundu wote ukapotea ndani ya dohani mbele ya macho yake. Akatazama lile tundu tupu, jeusi, kama Bibi alivyolitazama siku ile. Halafu fundi bomba yule mrefu akapiga magoti sakafuni mbele ya mama yake.

"Uliniambia, Mama," akasema. "Uliniambia na sikukusikia."

Bibi akamwambia ainuke, sakafu ni ya baridi, na kwamba yeye sasa anataka kibiriti, akachemshe chai yake.

Alirudi Kolo kabla ya mvua. Nililia kituoni hadi watu wakadhani tumefiwa. Baba alikuwa ameshatengeneza ulimi mwingine, mrefu zaidi, wenye mfuniko wa kopo la maziwa uliofungwa mwishoni, ambao mtu akiugusa tu unagonga ukuta na nyumba nzima inasikia. Ule wa zamani Bibi aliuomba. Alisema ni nguo ya mkwe wake, kwa nini itupwe. Akaukunja, akautia kwenye mfuko wa sukari aliyonunuliwa ya safari. Aliishi katika nyumba yake miaka mingi sana baada ya hapo, akikoka moto wake mwenyewe, mlango wazi, na alifariki humo humo, kitandani kwake, baada ya kunywa chai aliyoipika asubuhi.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani njia nzima tukirudi kutoka Kolo, Baba amekaa pembeni yangu ndani ya gari, kitambaa kimo kwenye mkoba wangu. Baba sasa ni mzee. Tangu Mama atangulie, anaishi kwangu, Dodoma hapa hapa. Miezi michache iliyopita maharage yaliungua jikoni, sufuria ikawa nyeusi, moshi ukajaa hadi kwa jirani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa ndani. Siku ile alisema si yeye aliyebandika, nami nikampapasa bega, nikamwambia, sawa Baba, usijali. Kuanzia siku hiyo nikawa nafunga gesi kwenye mtungi kila ninapotoka, na kibiriti nikakihamishia chumbani kwangu. Hakubisha. Ila chai ameacha kuiomba. Anasubiri hadi apewe.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na upepo ule ule wa mwezi wa saba. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kiti, amejifunika shuka la kimasai, hana anachofanya. Nikaweka kile kitambaa chekundu mezani mbele yake. Akakitambua mara moja. Akakinyoosha kwa kiganja, akatabasamu, macho yakamlengalenga.

Nikakaa. "Baba," nikasema, "siku ile ya maharage. Ilikuwaje?"

Alinitazama kuhakikisha kwamba nauliza kweli. Kisha akanieleza polepole, kwa mpangilio, kama fundi anayeeleza bomba lilivyopasuka. Alisema mimi ndiye niliyebandika. Simu ikaita, ni mtu wa kazini, nikatoka nayo hadi getini nikiongea, halafu nikapanda bodaboda hapo hapo nikaondoka. Hayo ya bodaboda aliyasikia kwa jirani baadaye; yeye mwenyewe alikuwa chumbani. Alidhani nipo jikoni. Na wakati anaeleza, nilianza kuikumbuka simu ile, na kijiko nilichokiacha juu ya mfuniko, na jinsi nilivyopandisha moto ili yaive haraka.

Niliinuka nikaenda chumbani, nikarudi na kibiriti, nikakiweka mkononi mwake. Baba alikitikisa kidogo kusikia kama kuna njiti. Alifungua dirisha kwanza, upepo ukaingia na kukipeperusha kitambaa pale mezani, ndipo akaniuliza kama chai yangu bado naipenda na tangawizi.